Palmyra: mji wa jangwani ulioishi kwa kuuza usalama wa njia

Palmyra, ambao wenyeji wake waliuita Tadmor na mpaka leo unaitwa hivyo, husimuliwa zaidi kama kisa cha malkia: Zenobia aliwaasi Warumi, akashindwa mwaka 272, mji ukaishia hapo. Simulizi hiyo haielezi mji ulikuwa ukila nini kabla ya vita. Uchambuzi huu unafuata biashara yenyewe: nani alilipwa, kwa kazi gani, na kazi hiyo ilianza lini kukosa wateja. Ukiifuata hivyo, unakuta duka lilikuwa limeanza kuwa tupu zamani, kabla Zenobia hajashika madaraka.

MAHALI NA MAZINGIRA

Mji uko katikati ya jangwa la Syria, kama kilomita 150 mashariki ya Homs, ambayo zamani iliitwa Emesa, na kilomita 150 hadi 200 hivi kutoka Mto Frati. Uhai wake ulitoka kwenye chemchemi ya Efqa, iliyokuwa na maji vuguvugu yaliyonuka salfa. Kaskazini-magharibi kuna vilima ambako wenyeji walijenga vijiji, wakachimba visima na mabirika ya kuvuna mvua, wakafuga ngamia na farasi.

Jina Tadmor limo katika vibao vya udongo vya Mari vya karne ya 18 KK. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 1,500 chemchemi ilikuwapo, ngamia na watu walikunywa, na pahali pakabaki kituo cha kawaida cha jangwani. Kwa hiyo maelezo ya "palikuwa na maji, ndiyo maana pakatajirika" hayatoshi.

Kilichogeuza mambo ni siasa za mbali. Mwaka 64 KK Roma iliitwaa Syria, huku Iraki na Uajemi zikiwa mikononi mwa Waparthi. Dola mbili kubwa zikawa zinatazamana, kila moja ikitaka bidhaa zinazopita kwa mwenzake, na katikati pakabaki jangwa ambalo hakuna aliyelimudu. Mwaka 41 KK Marcus Antonius, jemadari wa Roma, alituma wapanda farasi wakaupore mji. Wakazi walipata habari mapema, wakahamisha mali ng'ambo ya Frati, wakajipanga ukingoni na pinde zao. Warumi walikuta nyumba tupu, wakarudi mikono mitupu. Mji wenye mali inayoweza kupandishwa ngamia na kuondoka kwa muda mfupi ni mgumu kuupora.

TATIZO AMBALO MJI ULILITATUA

Pilipili manga, lulu, pamba na hariri zilifika kichwa cha Ghuba ya Uajemi kwa meli zilizotoka upande wa India. Ziliendeshwa na pepo zilezile za kaskazi na kusi zilizokuja kuleta majahazi pwani ya Afrika Mashariki. Bandari kuu ilikuwa Spasinou Charax, kusini mwa Iraki ya leo. Kutoka hapo kwenda Antiokia, mji mkuu wa Syria ya Kirumi, jicho la mtu yeyote lingefuata Mto Frati.

Shida ya mto ilikuwa watu wa ukingoni. Mwanajiografia Strabo anaeleza kwamba kila mkuu wa kipande cha ukingo alitoza ushuru wake, na haukuwa mdogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa juu yao wa kuwapangia kiwango. Ndiyo hongo, kwa maana ile ya misafara ya bara, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita: unamlipa wa kwanza, unamkuta wa pili. Wafanyabiashara wa ngamia wakaamua kupita mbali, mwendo wa siku tatu kutoka mtoni.

Kukwepa mto kunaokoa hongo, lakini kunaleta hesabu ya maji. Ngamia mmoja hubeba kilo 150 hadi 200 na huenda kilomita 30 hadi 40 kwa siku. Kutoka Palmyra hadi Hit, palipo na Frati kusini-mashariki, ni zaidi ya kilomita 400, yaani wiki mbili hivi. Tuchukue msafara wa ngamia 100. Mzigo ni tani 15 hadi 20. Ngamia aliyekaa siku kadhaa bila maji anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja, kwa hiyo kundi lote linahitaji lita 10,000. Kwa ndoo ya ngozi ya lita 10, hizo ni ndoo 1,000. Kisima chenye kamba nne, kila kamba ikitoa ndoo moja kwa dakika, kitawachukua zaidi ya saa nne bila kupumzika, na hapo ni kama kisima hakikauki njiani. Muda wote huo ngamia wamesimama, mizigo imeshushwa chini, walinzi wamechoka. Mnyang'anyi hahitaji kuwatafuta jangwani. Anasubiri kisimani.

Hapo ndipo Palmyra iliingia. Kilichouzwa kilikuwa kupita salama: visima vinavyojulikana, walinzi wanaotangulia, mapatano na makabila ya njiani, na mtu mmoja wa kuwajibika tangu Charax hadi Emesa.

JINSI KAZI ILIVYOPANGWA

Tunaijua vizuri kwa sababu wateja waliridhika wakachonga shukrani zao kwenye mawe, kwa Kigiriki na Kiaramu cha Palmyra. Maandishi ya misafara yanaanza mwanzoni mwa karne ya 1 na kufika kileleni kati ya miaka ya 130 na 161.

Msafara ulikuwa na kiongozi wake, aliyesafiri nao. Juu yake palikuwa na mfadhili, tajiri wa mjini mwenye mifugo, fedha na watu wenye silaha, ambaye mara nyingi hakusafiri kabisa. Wafanyabiashara wadogo walijiunga na mizigo yao. Mfadhili aliyefanikisha safari alilipwa kwa heshima: sanamu ya shaba juu ya kibao kilichotokeza kwenye nguzo ya barabara kuu au sokoni, na chini yake jina lake, tarehe, na alichofanya. Barabara yenye nguzo inayokatiza mji ina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Ukiipita ulikuwa kama unasoma orodha ya wadhamini wanaoaminika, na mgeni anayetafuta wa kusafiri naye alijua aanzie wapi.

Soados mwana wa Boliades anaonyesha kazi hiyo kwa undani. Katika miaka ya 140 msafara uliokuwa ukirudi kutoka Vologesias, mji wa soko katika Iraki ya Waparthi, ulikuwa unaviziwa na genge la mtu aitwaye Abdallathos. Soados alitoka na kikosi kikubwa, akauokoa. Alipewa sanamu Palmyra, na nyingine Charax na Vologesias, na akapata barua za pongezi kutoka kwa wafalme wa Roma. Huyohuyo alijenga hekalu la wafalme wa Roma mjini Vologesias, ndani ya nchi ya mahasimu wao. Kwa mtu wa kati, huo ni ustadi wa hali ya juu.

Jambo la pili ni watu waliowekwa upande wa pili. Mwaka 131 Mpalmyra aitwaye Yarhai alikuwa liwali wa Bahrain kwa niaba ya Meherdates, mfalme wa Charax. Mwaka 157 maandishi yanataja wafanyabiashara waliorudi kutoka "Scythia", yaani eneo la mdomo wa Mto Indus, kwa meli ya Mpalmyra. Walikuwapo pia Coptos huko Misri, wakiwa na meli za Bahari ya Shamu. Njiani kwenyewe palikuwa na vituo: mwaka 132 mpanda farasi mmoja Mnabatea (mtu wa jamii ya Waarabu wa kusini mwa Syria) aliandika kwamba alitumikia kambi ya Ana, kando ya Frati.

Kwa hiyo mnyororo mzima, kuanzia meli hadi kisima hadi soko, ulikuwa mikononi mwa watu wanaofahamiana kwa ukoo. Ukidhulumiwa Charax, kesi yako inasikilizwa Palmyra.

UAMUZI WA MWAKA 137: KUANDIKA BEI KWENYE JIWE

Tarehe 18 Aprili 137 baraza la mji lilikaa kuhusu malalamiko ya muda mrefu. Ukusanyaji wa ushuru wa mji ulikodishwa kwa mkandarasi. Sheria ya zamani iliacha bidhaa nyingi bila kiwango. Mkandarasi alidai "ndivyo ilivyozoeleka", mfanyabiashara alidai mazoea ni mengine, na ugomvi haukuisha.

Baraza lilichukua hatua tatu. Wakuu wa mji waorodheshe kila bidhaa ambayo haikuwamo na kiwango chake cha mazoea. Orodha iingizwe kwenye mkataba unaofuata wa ukodishaji, mkandarasi akiikubali. Kisha yote, sheria mpya na ya zamani, ichongwe kwa lugha mbili kwenye jiwe litakalosimama mbele ya hekalu la Rabaseire, na wakuu wahakikishe mkandarasi hatozi zaidi. Jiwe hilo, lenye urefu wa karibu mita 5, liligunduliwa mwaka 1881 na sasa liko jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg.

Viwango vyake vinasomeka kama karatasi ya forodhani. Mzigo wa ngamia wa bidhaa kavu: denari 3 (sarafu za fedha za Roma) kuingia, 3 kutoka. Mafuta ya manukato katika vichupa vya alabasta: 25 kuingia, 13 kutoka. Manukato yaleyale katika viriba vya ngozi ya mbuzi: 13 kuingia, 7 kutoka, kwa sababu anayefungasha kwenye alabasta anabeba mali ya bei kubwa. Mtumwa anayeingizwa: 22. Gari la kukokotwa lilihesabiwa sawa na mizigo minne ya ngamia. Matumizi ya chemchemi mbili za mjini: denari 800 kwa mwaka.

Tuyapime. Askari wa legioni, yaani kikosi kikuu cha jeshi la Roma, wakati huo alilipwa denari 300 kwa mwaka. Ngamia kumi wa manukato ya alabasta walilipa denari 250 mlangoni. Si kidogo, lakini ngamia kumi wa bidhaa kavu walilipa 30 tu. Na katika sehemu zinazosomeka, jiwe halitaji hariri wala pilipili. Ule ulikuwa ushuru wa soko la mji na vijiji vyake. Mali ya mbali iliguswa na kitu kingine: kodi ya Roma ya robo ya thamani kwa bidhaa zinazoingia dolani. Shehena ya denari 10,000 ilidaiwa 2,500. Mwaka 161 wafanyabiashara waliotoka Charax walimsimamishia sanamu mtoza robo hiyo, diwani wa Antiokia aitwaye Marcus Aemilius Marcianus Asclepiades. Walipa kodi hawajengi sanamu ya mtoza kodi bila sababu, na kila msomaji anaweza kukisia sababu yenyewe.

La kushika hapa: mji haukutajirika kwa kukaba njia. Ushuru wake wenyewe ulikuwa wa wastani na ulikuwa hadharani. Utajiri ulitokana na wakazi wake kuwa ndio wenye safari, wenye ngamia na wenye mitaji.

MTEREMKO

Pigo la kwanza lilitoka mwisho wa mbali wa njia. Karibu mwaka 151 mfalme wa Waparthi alivamia Charax akamfukuza Meherdates, yuleyule aliyempa Mpalmyra uliwali wa Bahrain. Bandari iliyokuwa ya mfalme mdogo rafiki ikawa chini ya dola kubwa moja kwa moja. Misafara iliendelea miaka kumi hivi. Mwaka 161 ikaanza vita ya Roma na Waparthi, iliyofuatwa na tauni iliyosambaa na majeshi yaliyorudi kutoka mashariki. Baada ya 161 maandishi ya misafara yanakatika kwa miaka zaidi ya 30.

Yanaporudi, sauti imebadilika. Mwaka 193 kiongozi mmoja anashukuriwa na wasafiri wake kwa kuwapunguzia gharama za denari 300 za dhahabu. Mwaka 199 Ogelos anasifiwa kwa kuongoza mara kwa mara dhidi ya wahamaji. Katika miaka ya 130 shukrani zilikuwa za kawaida: alitusaidia, alitufikisha. Sasa ni gharama na mapigano. Ulinzi ulianza kumeza faida.

Roma nayo iliupandisha mji hadhi: mwanzoni mwa karne ya 3 ulifanywa koloni, yaani mji wenye hadhi ya juu ya Kirumi, lenye misamaha ya kodi. Hadhi ilipanda wakati bidhaa zinapungua. Kisha mwaka 224 Ardashir wa nasaba ya Sasani aliwaangusha Waparthi, na bandari za Ghuba zikaingia mikononi mwa dola isiyotaka dalali. Kutoka hapo hadi mwisho, maandishi ya misafara yanahesabika kwa vidole vya mkono. Mojawapo ya mwisho, la miaka ya 260, linamsifu Septimius Vorodes kwa kurudisha misafara kwa fedha zake mwenyewe. Huduma iliyokuwa ikilipa ikawa inagharamiwa kama sadaka.

Wafanyabiashara mmoja mmoja hawakukata tamaa. Mwaka 258 Mpalmyra aitwaye Abgar aliacha kibao cha mbao chenye maandishi katika pango la Hoq, kisiwani Sokotra. Bahari ilikuwa bado inapitika. Kilichoziba ni Ghuba.

MAAMUZI MAWILI YA MWISHO

Mwaka 260 Shapur wa Kwanza, mfalme wa Wasasani, alimteka mfalme Valerianus wa Roma karibu na Edessa. Odaenathus, mkuu wa Palmyra, alikuwa na machaguo mawili. Masimulizi ya Kirumi yanasema alijaribu kwanza la dalali: alimpelekea Shapur ngamia waliosheheni zawadi, Shapur akaamuru zitupwe mtoni. Iwe ilitokea hivyo hasa au la, inaeleza vizuri msimamo wa Wasasani. Odaenathus akachagua upande wa Roma, akalishambulia jeshi la Shapur lilipokuwa likirudi, akafika hadi kwenye kuta za Ctesiphon, mji mkuu wa Wasasani.

Kijeshi ulikuwa ushindi. Kibiashara ulikuwa ni kufunga duka, maana muuza usalama kati ya wawili alishageuka mpiganaji wa mmoja wao. Wapanda farasi waliolinda visima wakawa jeshi la dola, na jeshi hula hata pale msafara usipopita.

Odaenathus aliuawa 267 au 268. Zenobia, mjane wake, alitawala kwa jina la mtoto wao Vaballathus. Mwaka 270 majeshi yake yaliingia Arabia na Misri, kisha Asia Ndogo hadi Ancyra (Ankara ya leo). Wapo wanaosema Misri ilitakiwa kwa ajili ya Bahari ya Shamu, mbadala wa Ghuba. Ingekuwa hesabu ya maana, ila Misri ilikuwa pia ghala la ngano la Roma, na hakuna mfalme wa Roma ambaye angeiacha. Kwa miezi kadhaa sarafu za Antiokia na Aleksandria zilibeba sura mbili, ya Aurelianus, mfalme mpya wa Roma, na ya Vaballathus, kama vile pande zote zinavuta muda.

Aurelianus alikuja mwaka 272. Karibu na Antiokia, huko Immae, wapanda farasi wa Palmyra walikuwa na deraya nzito, wao na farasi. Aliwaamuru wapanda farasi wake wepesi wakimbie kama walioshindwa. Wapalmyra wakawafukuza juani mpaka wakachoka kwa uzito na joto, ndipo Warumi wakageuka. Emesa wakashindwa tena. Zenobia alitoroka juu ya ngamia mwenye mbio kwenda kwa Waajemi, akakamatwa akiwa anavuka Frati. Mwaka 273 mji uliasi tena, na safari hii Aurelianus aliuacha uporwe.

MATOKEO

Mji haukuhamwa. Diocletianus, mfalme wa Roma wa baadaye, aliweka humo legioni ya kwanza ya Illyria na kambi iliyojengwa kati ya 293 na 303, akapitisha barabara ya kijeshi kutoka Dameski hadi Frati. Mwaka 634 ulijisalimisha kwa Khalid ibn al-Walid, jemadari wa Waislamu. Wakati wa Bani Umayya palijengwa safu ya maduka, 47 yamefukuliwa, katikati ya ile barabara ya nguzo. Chemchemi iliendelea kutiririka, watu wakaendelea kununua na kuuza. Biashara ya mbali ndiyo haikurudi.

UCHAMBUZI

Kilichofanya kazi ni dhamana ya mtu mmoja kwa safari nzima. Wakuu wa ukingo wa Frati walikuwa na njia bora kwa maji na malisho, wakaipoteza kwa kutoza kila mmoja kivyake. Palmyra ilikuwa na njia mbaya zaidi, ikashinda kwa sababu mfanyabiashara alijua mapema atatumia kiasi gani na atamdai nani. Jiwe la 137 ni sehemu ya tabia hiyohiyo, ingawa lilihusu soko la ndani: halikupunguza ushuru, liliondoa mabishano.

Kilichoshindwa kilikuwa ndani ya mafanikio yenyewe. Mfumo ulihitaji mambo matatu kwa pamoja: Ghuba iliyo wazi, dola mbili zinazovumiliana, na jangwa lisilo na mwenyewe. Palmyra ilimiliki la tatu tu. Mengine mawili yalitegemea watu kama Meherdates, na walipoondoka hapakuwa na mbadala uliotayarishwa mapema. Coptos na Bahari ya Shamu zilikuwapo tangu zamani, lakini bidhaa za njia hiyo zilikwenda Aleksandria kwa Mto Nile, bila kuhitaji ngamia hata mmoja wa Palmyra. Ndiyo maana sikubali kwamba Zenobia ndiye aliyeuua mji. Alirithi jeshi kubwa na soko dogo, akatumia alichokuwa nacho.

Uamuzi unaostahili lawama zaidi ni wa kati, ule wa miaka ya 190 hadi 220, pale gharama za ulinzi zilipopanda na mji ukaendelea kuupa msafara sanamu na sifa. Walikuwa na dalili mbele yao: shukrani ya 193 ni hesabu ya gharama iliyochongwa na wateja wenyewe.

Ushahidi wa mwisho unatoka mji mwingine. Mwaka 298 Roma na Wasasani walitia saini mapatano, na mojawapo ya masharti lilitaja Nisibis, mbali kaskazini, kuwa mahali pekee pa biashara kati yao. Dola mbili zilikuwa zimeamua kukutana mlango kwa mlango, maofisa wa forodha wa huku na wa kule, na bidhaa zile zile za mashariki zikapita hapo bila kugusa jangwa.